Miwani ya Muzdalifa wa Ruaruke

Naitwa Zena. Nauza chai na vitumbua Kibiti, jirani na stendi, na watu wa kwetu Ruaruke nawajua nje ndani. Nikisema hawana akili sisemi kwa chuki, nasema kwa ushahidi. Huyu ninayetaka kuwaeleza habari zake walimsumbua mpaka akaona bora awe kipofu mbele yao kuliko kuwa na macho, na wao wenyewe mpaka leo wanakula na kulala usingizi.

Muzdalifa ni mtoto wa dada yangu. Kazaliwa Ruaruke, kasoma Ruaruke, na sasa ni fundi cherehani hapo hapo Ruaruke, kwenye baraza ya duka lililofungwa. Mkono wake mzuri. Akikushonea dera litakukaa, halikubani wala halipwayi. Uzi anautunga kwenye sindano mara moja, mimi mwenyewe namwachia yangu anitungie. Kitu cha karibu hakimshindi. Cha mbali ndicho hakipo kabisa. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara, yeye anaona khanga inatembea, mwenye khanga hamjui.

Na hilo kwa miaka mingi hakuna aliyelitambua, hata yeye. Mtoto aliyezaliwa hivyo atajuaje kwamba wenzake wakitazama mkorosho wanaona majani, wakati yeye anaona kitu cha kijani kimesimama? Shuleni wakamwita mzembe, kwa sababu alikuwa ananakili ubaoni vitu ambavyo mwalimu hakuviandika. Mtaani ndiko kulikokuwa na balaa zaidi. Kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, taarifa inatangulia kufika nyumbani. Muzdalifa alikuwa anawapita wazima wazima. Wamekaa barazani, wanamngoja aamkie, yeye huyo anakwenda zake. Ikawa wimbo: binti wa marehemu Abdulrazaq anaringa, binti wa marehemu Abdulrazaq ana dharau. Alichapwa kwa ajili hiyo, tena si mara moja, na aliyeshika fimbo ni shangazi yake, Mwanabibi.

Huyu Mwanabibi namwita wifi kwa heshima ya dada yangu, la sivyo ningekuwa na jina jingine la kumwita. Kaka yake alipofariki, yeye akajipa ubaba wa nyumba ile. Dada yangu ni mtu wa kuinamisha kichwa, wifi yake akisema jambo limepita. Mwanamke ana sauti ya kuamrisha, na kichwani hamna anachokiamrisha.

Siri ya macho niliigundua mimi. Siku moja Muzdalifa alikuja Kibiti kunitembelea. Mimi niko ndani nasafisha sufuria, nikamsikia uani anasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mama mdogo." Nikatoka kuitikia. Nikamkuta amepiga goti mbele ya baibui langu lililoanikwa kambani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikanikauka. Mtoto huyu amechapwa miaka yote hii kwa sababu haoni, na sisi watu wazima tulio na macho hatukuona hilo.

Basi madaktari wa macho walipokuja Kibiti kupima watu, nikampeleka mwenyewe. Wakampima, wakampa miwani. Fremu nyembamba, ya rangi ya kahawia, ya kawaida tu. Ile siku sitaisahau. Alisimama stendi akasoma maandishi ya kila basi kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanigeukia akaniambia, "Mama mdogo, kumbe una doa hapa shavuni." Nikamwambia ninalo tangu hajazaliwa. Akacheka. Furaha niliyoiona usoni kwake siku ile ingenitosha maisha, kama tungeishia hapo stendi.

Lakini kwao ni Ruaruke, akarudi Ruaruke. Alipoteremka tu, wale vijana wa bodaboda, ambao kazi yao kubwa ni kukaa juu ya pikipiki zisizo na abiria, wakaanza. "Oya, profesa!" Mwingine, "Dokta, nipime na mimi moyo." Watoto wakamfuata nyuma wamejiwekea vidole machoni kama miwani. Wanawake kisimani wakasema kauza sura yake. Na wale wazee wa barazani, wale wale waliolalamika kwamba haamkii, sasa aliwaona vizuri akawaamkia mmoja mmoja, unajua walisema nini? Walisema siku hizi anaamkia sana, anataka tumwone miwani yake. Watu wa namna hiyo hata ukiwalisha asali watasema inanata.

Shangazi Mwanabibi ndiye aliyetia muhuri. "Mwanamwali na miwani wapi na wapi," akasema. "Nani atamwoa? Watasema atazaa watoto vipofu." Aliyasema hayo mbele za watu, huku yeye mwenyewe anamkabidhi mtoto simu amsomee ujumbe kwa kuwa herufi ndogo hazioni.

Tangu hapo Muzdalifa akaanza kuificha. Akiwa kwenye cherehani haihitaji, sawa. Akitoka njiani, hata kama ameivaa nyumbani, akifika mlangoni anaivua na kuifunga kwenye kitambaa. Aliniambia akiivaa anahisi kila mtu wa Ruaruke anamtazama uso mzima, mpaka miguu inasahau kutembea. Nikamwambia wakikutazama na wewe watazame, sasa unaweza. Akasema, "Mama mdogo, wewe huishi kule." Na kweli, siishi kule, namshukuru Mungu.

Halafu akaja Twalibu. Twalibu ni kijana wa Umwe, ana kibanda Ikwiriri anauza chaja na makava ya simu. Kijana wa kujipulizia marashi kabla hajasema salamu. Na huyu, nisikilizeni vizuri, ana miwani nyeusi. Juani anayo, kivulini anayo, ndani ya nyumba za watu anayo, ya kujipambia tu maana macho yake mazima. Hakuna hata mmoja aliyemwita profesa. Wanamwita mtoto wa mjini. Yaani miwani ya kukuzuia usione ni urembo, ya kukuwezesha kuona ni kilema. Sasa watu wa akili hiyo utakaa nao uzungumze nini?

Ila Muzdalifa alimpenda, siwezi kumsingizia kwamba alilazimishwa. Posa ikaja, ikapokelewa, siku ya nikahi ikawa inazungumzwa. Jioni alikuwa anasikiliza sauti zake kwenye simu na kutabasamu peke yake. Na alikuwa mkweli kwake. Alimwambia habari ya macho, na miwani, na daktari, yote. Twalibu akamjibu, "Sawa mpenzi, mimi sina neno. Ila mbele ya wazee wangu usiivae, wasije wakaingiwa na shaka. Subiri kwanza tuoane." Muzdalifa alinisimulia maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi. Nikamuuliza huyo bwana anatafuta mke au anatafuta mtu wa kumshika mkono barabarani. Akaninunia mpaka kesho yake.

Sasa ikafika arobaini ya Bi Siti, bibi yake Muzdalifa, mama yao Mwanabibi na marehemu Abdulrazaq. Hapo Ruaruke watu walijaa. Wanaume mbele wanasoma hitima, wanawake uani tunapika pilau. Twalibu na baba yake, Mzee Mwinyimvua, walikuwa wanatarajiwa kutoka Umwe. Asubuhi yake Mwanabibi akamwita Muzdalifa mbele yetu sote. "Leo wakwe wanakuja. Hiyo takataka usoni sitaki kuiona." Mtoto akaja kwangu, akaivua, akaniambia, "Mama mdogo, nishikie." Nikaifunga kwenye pindo la khanga yangu. Niliona alivyofinya macho kutafuta njia ya kurudi jikoni, na nikamlaani Mwanabibi moyoni, arobaini ya mama yake hiyo hiyo.

Kwetu msiba una watani. Mtani ana ruhusa ya kufanya visa ambavyo mwingine akivifanya atapigwa. Mtani wa ukoo ule ni Haruni, mtu mnene, mwenye tumbo la kutangulia, na siku ile alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma. Asubuhi alikuwa ameshakuja kwa mlango wa nyuma, akaiba kifuniko cha sufuria, akapanda kwenye kitanda cha marehemu akasema yeye ndiye mrithi na sote tuhame. Wanawake wakamkimbiza, akaponyoka, akapiga kelele kutoka nje ya ua kwamba atarudi pilau likiiva. Basi wakakwangua masizi chini ya sufuria, wakayachanganya na mafuta ya kula, wakamkabidhi Muzdalifa. Mjukuu wa marehemu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumpaka mtani. Akakaa karibu na mlango wa nyuma, mikono miwili myeusi tititi, anangoja.

Haruni hakurudi mapema. Aliyeingia ni Mzee Mwinyimvua. Mbele maji ya kutawadhia yalikuwa yamekwisha, na mwerevu mmoja akamwelekeza mkwe wa watu azunguke uani akaombe kata ya maji. Na yeye mnene. Na yeye kanzu nyeupe. Na yeye kofia ya kufuma. Alitoa salamu kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu zake, na sisi huku masufuria yanagongana. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko chenye makaa juu ya pilau. Nilipomtambua na kufungua mdomo, mtoto alikuwa ameshafika.

"Umerudi, fisi wa ubwabwa?" Muzdalifa akamwambia, na mikono miwili mashavuni, akashuka nayo ndevuni, akamalizia kifuani kwenye kanzu. "Bibi yangu hukuja kumzika, pilau lake ndilo unalolijua. Leo utakula na sura hiyo."

Na ubaya wake ni kwamba Mzee Mwinyimvua kweli hakuja kuzika.

 Kwetu mkwe humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unampisha, ukimpelekea chakula unainama, jina lake hulitaji. Na huyu hapa mkwe amesimama katikati ya wanawake, mweusi kuanzia machoni mpaka tumboni, mafuta yanamchuruzika. "Astaghfirullah," akasema polepole. "Binti, mimi ni Mwinyimvua." Muzdalifa akaijua sauti. Akaanguka magoti, mikono ile ile ya masizi akaiweka kichwani. 

Wanaume wakasikia, wakaja mlangoni, na Twalibu miongoni mwao na miwani yake nyeusi. Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili angesema maneno mepesi tu: mtoto haoni mbali, amekufananisha na mtani, tusamehe baba. Yangekwisha pale pale, pengine na kicheko. Lakini kusema hivyo ni kukiri macho, na kukiri macho ni kuitaja miwani. Mwanabibi akageuza macho kulia na kushoto, nikamwona anatafuta uwongo kama mtu anayetafuta ndala gizani. Akaupata.

"Amepandisha," akasema. "Mtoto ana jini."

Na wakaafiki! Nyuso zikalegea. Aa, kumbe ni jini. Jini halina lawama, jini ni la heshima, nyumba ngapi zina jini. Mzee Mwinyimvua mwenyewe akashusha pumzi, akasema kama ni hivyo hana kinyongo na mtoto wa watu. Mwanamke mmoja akaleta chetezo, mwingine ubani, mwingine shuka jekundu. Dada yangu analia tu. Dakika hiyo hiyo Muzdalifa akafunikwa gubigubi, moshi unaingia chini ya shuka, na Mwanabibi amechuchumaa mbele yake na sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kumsikia nayo akiongea na binadamu.

Nami nikaona wazi kilichokuwepo pale. Mtoto akinyamaza kidogo, akatetemeka kidogo, ndoa imepona. Mkwe ameshasamehe. Ila maisha yake yote, Umwe na Ruaruke, atakuwa yule mke wa Twalibu mwenye jini, na miwani hataivaa tena mpaka wamzike.

"Karibu, mgeni," Mwanabibi akasema. "Umetoka baharini au bara? Unataka nini kwa mtoto wetu? Marashi? Pete? Sema. Jini likitaka kitu kwetu linapewa, hatuna ubishi."

 Akarudia. Kisha ikatoka sauti, si ya kukoroma wala ya kulia. Sauti ya Muzdalifa ya siku zote.

"Nataka miwani yangu."

Wakatazamana. Mwanabibi mwenyewe alikwama kidogo, lakini wakwe wako mlangoni na neno ameshalitoa. "Mmesikia," akasema. "Jini limetaka miwani. Iko wapi?" Nikafungua pindo la khanga nikaitoa. Jamani, waliifukiza ubani! Miwani ile ile waliyoiita takataka asubuhi, wakaizungusha juu ya chetezo kwa adabu na kumpelekea kwa mikono miwili. Ya daktari waliikataa, ya jini wameipokea kwa dua. Sikujua nicheke au nimpige mtu mwiko.

Muzdalifa akaivaa, akajifunua. Akamwona Mzee Mwinyimvua sawasawa kwa mara ya kwanza, na kazi ya mikono yake juu ya uso ule. "Shikamoo, baba," akasema, macho chini. "Nisamehe. Mimi sina jini. Sioni mbali, na miwani hii nimepewa hospitali. Nilidhani wewe ni Haruni, mtani wetu."

Mzee akamgeukia Mwanabibi. Mwanabibi hata hakupepesa. "Hilo ndilo jini lenyewe linalosema," akajibu. "Majini ya siku hizi yamesoma. Likikana, ujue lipo." Na wanawake wazima, wenye wajukuu, wakatikisa vichwa kukubali.

Hapo Muzdalifa akamtafuta Twalibu kwa macho, akampata mlangoni. "Twalibu," akasema, "wewe nilikwambia. Unajua kila kitu. Waambie."

Kila mtu akageuka. Neno moja tu lilitakiwa. Twalibu akaisogeza miwani yake nyeusi puani, akakohoa. "Mimi sijui habari hizo," akasema. Halafu akamgeukia baba yake. "Kama ni jini, baba, linatibika. Tusiharibu shughuli ya watu."

Linatibika. Nimewahi kuona wanaume waoga, nauza chai stendi, wanapita wengi. Lakini huyu alisimama pale na macho yake mazima nyuma ya vioo vyeusi, akamwacha binti aliyemwamini ageuzwe nyumba ya mashetani, kwa kuogopa tu kusema kwamba mchumba wake anavaa miwani. Muzdalifa alimtazama. Alimtazama sana, sidhani kama alikuwa amewahi kumwona vizuri hivyo. Nikajua imemfika. Kisha akaliokota shuka jekundu chini, akajifunika kichwa mwenyewe, akakaa vizuri.

"Jini halijamaliza," akasema.

Mwanabibi akachangamka, akaona ameshinda. "Sema, mgeni wetu. Sema upewe."

"Halimtaki Twalibu."

Chetezo kikabaki kinafuka mkononi mwa Mwanabibi. Akaanza, "Hebu ngoja, mwanangu," Muzdalifa akamkatiza kwa upole kabisa. "Shangazi, umesema wewe, mbele ya wakwe. Jini likitaka kitu hapa hamna ubishi."

Angesema nini? Akisema hakuna jini, amemdanganya mkwe aliyepakwa masizi. Akisema lipo, limeshatamka.  Mzee Mwinyimvua akajifuta ndevu kwa mkono wa kanzu, akazidi kuzichafua, akasema hawezi kumwingiza mwanawe kwenye ugomvi na kitu asichokiona. Akaondoka bila kula. Twalibu alimfuata nyuma, na hakugeuka hata mara moja.

Nilimchukua mtoto siku ile ile twende Kibiti. Tulipotoka njiani habari ilikuwa imetutangulia, kama kawaida ya kwetu. Wale wa bodaboda waliomwita profesa walishuka kwenye pikipiki zao. Mmoja akatupa sigara. "Shikamoo, dada," wakamwambia, kwa woga, na mwingine ni mkubwa kwake kwa umri. Macho mabovu waliyacheka, jini wanaliamkia. Niliwatazama nikatema mate pembeni.

Muzdalifa hakuwaitikia. Alitembea wima mpaka tukaipita nyumba ya mwisho, na hapo ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kwa kuwa alimpenda yule mjinga na alikuwa ameshamshonea kanzu ya harusi. Sikumwambia anyamaze. Machozi yalipojaa kwenye vioo mpaka hayaonekani macho, akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akaendelea kulia huku anatazama njia.